Tarehe Niliyoikata kwa Mstari Mmoja

Asubuhi yangu ya kwanza kazini ukungu ulikuwa umelala juu ya Bunia, na akina mama wa kupima mimba walitoka ndani yake mmoja mmoja, matumbo yakitangulia. Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo chetu, alinipa utepe wa kupimia tumbo, pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto, na kanuni moja: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku saba, kisha hesabu miezi tisa mbele.

"Andika kwa fishi," aliniambia, akinionyesha kadi ya mjamzito. "Lakini mutoto haangaliake fishi."

Nilicheka. Nilikuwa msichana, na hesabu ile niliipenda mno.

Kisha vita vikaja. Watu wa Djugu walifika kwa miguu, wakajaa kwa ndugu zao mtaani Lumumba. Miongoni mwao alikuwa Furaha, aliyekimbia na mama mkwe wake. Mumewe, mchuuzi, alikuwa amekwama njia ya Mahagi tangu kabla hawajakimbia, akawapata Bunia miezi mitatu baadaye. Haukupita muda Furaha akaja kupima.

"Mara ya mwisho uliona damu lini?"

"Wiki ile tulikimbia, mama."

Nikahesabu, nikaandika. Tumbo lilikuwa dogo kuliko hesabu yangu. Nikajisemea ni njaa tu.

Nyumbani mama mkwe akataka asomewe fishi, akahesabu kwa vidole. Kwa tarehe yangu, mimba iliingia mume akiwa bado hayupo. Furaha alifukuzwa siku hiyohiyo, na mume hakumzuia mama yake. Shangazi yake wa Shari ndiye aliyempokea.

Aliporudi kwangu, nililaza utepe juu ya tumbo lake nikaona liko nyuma ya hesabu yangu kwa miezi mitatu. Nikamuuliza mtoto ameanza kucheza lini.

"Juzi tu, mama."

Kwa tarehe yangu angekuwa ameanza kucheza zamani. Nilikimbia kwa titulaire. Alinisikiliza, akavua miwani.

"Weye ulimuuliza damu, haukumuuliza chakula. Mutu akitembea siku mingi na njaa, damu inakatika. Na mimba inaweza kuingia mbele ya damu kurudia."

Nilitaka kuichana fishi. Akanishika mkono.

"Hapana. Kata mustari moja, tarehe ibakie inasomeka. Andika ya kweli, tia na jina yako."

Niliipeleka mwenyewe kwa mama mkwe. "Mama, kosa iko yangu. Haiko ya Furaha."

"Leo karatasi inasema hivi, kesho inasema vile," alijibu. "Siye tutangojea ile ya kwanza."

Basi sote tukaingoja. Mtoto angezaliwa siku ile, Furaha asingerudi tena kwa mumewe. Siku yenyewe mvua ilinyesha taratibu, na mimi nilikaa dirishani mwa maternite, wodi yetu ya kujifungulia, kama niliye usingizini. Kila mlango ulipolia nilishtuka. Walikuja wengine, wakazaa, wakaimba. Furaha hakuja. Hakuna kilichotokea, na sijawahi kuipenda siku nyingine ya kazi yangu kama ile.

Siku ikapita, na mwezi mzima nyuma yake. Ndipo asubuhi moja mama mkwe akatoka ndani ya ukungu, amemshika Furaha mkono, beseni la nguo za mtoto liko kichwani mwake mwenyewe.

"Mama," alisema bila kunitazama, "utupimie mutoto wetu."

Alizaliwa mzima miezi miwili baadaye, karibu kabisa na tarehe ya pili. Lakini ile miezi Furaha aliyolala kwa shangazi sikuweza kuikata kwa mstari, na naona aibu mpaka leo.

Sasa nimestaafu. Wasichana walioko kazini wana mashine inayomwonyesha mtoto tumboni, nami nafurahi kwa ajili yao. Ila nikisinzia mchana hapa nyumbani, wale mama wa Djugu hunijia tena kutoka kwenye ukungu, miguu ina vumbi. Sina fishi wala kalamu. Nawauliza, "Mulikula nini njiani?" Kabla hawajajibu nainuka, nawatilia uji.