Bleu yangu kwa kitanda ya Mama Grâce

Wivu ya leo itaniua.

Nilipelekea jirani yangu, Mama Grâce, kitabu ya kuandika nilishona mi mwenyewe, kifuniko ya kitenge fundi alinipatia.

Nakuta bamama banajaa mu chambre yake ya kulala, banaangalia couvre-lit, ile ya kutandika juu ya kitanda, alishona na bipande ya bitenge. Bote banasifu tu ile kipande ya bleu ya katikati.

Ile bleu iko kitenge ya robe yangu, nguo yangu ya kutokea. Mabaki ilibakia kwa fundi wa nguo wa Kamalondo, anatushoneaka sisi wawili.

Nikasema mbele ya bote: "Mama Grâce, hii kitenge iko yangu."

Akaangalia kifuniko ya kitabu yangu, pole pole.

"Na hii kitenge njo nilivaa ku ndoa ya dada yangu."

Bon, fundi tumuache.

Mais ile robe nilivaa mwaka muzima, hakuna muntu alinisifu.

Kama uliiona, andika hapa ilikuwa muzuri. Hata uongo, nitakubali.