Maboksi Matatu ya Fundi Damiani

Watu wa Bonga walikuwa na utani wao juu ya Damiani. Walisema ukitaka nyumba imara mwite Damiani, lakini mvua ikikukuta njiani usikimbilie kwake. Nao hawakusema uongo, maana mganga hajigangi. Kuta nyingi za maana pale mjini Babati zilikuwa za mkono wake, ila yeye mwenyewe alilala chini ya nyasi. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na jiko, kuta za tofali za kuchoma zilizosimama wima kabisa, na juu yake nyasi zilizochoka. Masika ilipoanza, mkewe Fabiola, mama wa mtoto wao Paskali, alipika huku sufuria ikijaa maji yenyewe kutoka juu, na kuni mbichi zikamtoa machozi mpaka jirani wakadhani amefiwa.

Tusimwonee, hakuwa mvivu. Miaka ile saruji ilikuwa kitu cha kusikia redioni. Bati lilitaka kibali, kibali kilitaka kumjua mtu, na mtu pekee ambaye Damiani alimjua alikuwa mzungu wa mradi wa maji, ambaye naye alikuwa amefunga mizigo anarudi kwao.

Mzungu huyo ndiye aliyemwachia maboksi matatu. Ndani yake kulikuwa na vitofali vya plastiki vya rangi rangi, vya kuchezea watoto, vinavyoshikana kimoja juu ya kingine bila udongo wala saruji. Aliviagiza kwa ajili ya mwanawe, vikachelewa bandarini hadi mtoto akaota ndevu. "Usifungue," alimwambia Damiani. "Kwetu kuna watu wazima wanaoyanunua haya yakiwa yamefungwa vilevile. Kila mwaka bei inapanda."

Mtu wa nyakati nyingine angecheka. Damiani hakucheka, kwa sababu wakati huo kila kitu kilichofungwa kilipanda bei. Mche wa sabuni uliouficha Januari ulikuwa mali ifikapo Juni. Akiba haiozi, alijiambia, akayasukuma maboksi chini ya kitanda na kuanza kuota paa.

Aliota mwaka mmoja tu. Mwaka 1983 ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha au kulangua bidhaa, watu walitupa mali zao mitoni na vichakani. Damiani alikaa kitandani akasikia yale maboksi chini yake yanamchoma kama makaa. Yana maandishi ya kigeni, hayana risiti, na yeye si mtu wa kuweza kujieleza. Basi akafanya walivyofanya baba na babu zake na mifugo yao. Mtu mwenye akili hafugi ng'ombe wote zizi moja. Mmoja anamweka kwa rafiki huku, mwingine kwa ndugu kule, ili ugonjwa au wezi wakija wasimalize kundi.

Boksi la kwanza alilipeleka Mutuka kwa dada yake Paskalina, ambaye aliligeuza kigoda. La pili alimpa katekista wa kanisa dogo la kigango, ambaye aliliweka chini ya mapazia ya Kwaresima na kulisahau. La tatu, lililokuwa kubwa kuliko yote, alilibeba hadi Sigino kwa rafiki yake Anselimu.

Anselimu alisita. "Baba Paskali, mzigo wa kizungu huu. Wakaguzi wakija niseme nini?"

"Chukulia nimekuwekea ng'ombe," Damiani alimjibu, akiwa na haraka ya kuondoka. "Masharti ni yale yale. Ng'ombe wangu, ndama wangu, maziwa yako."

Hapo Anselimu alielewa, akapokea kwa mikono miwili. Damiani alirudi Bonga mwepesi, bila kufikiri hata kidogo alichokuwa amekisema.

Ikapita miaka mitatu. Msako ulikwisha, mpaka wa kwenda Nairobi ukafunguliwa, maduka yakaanza kuwa na kitu cha kuonyesha. Siku moja mwaka 1986 Hatibu, mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa akienda Nairobi kila mwezi, alimwita Damiani barazani kwake.

"Fundi, yale madude uliyoachiwa na mzungu bado unayo? Nimepata mteja. Anayakusanya, mtu mzima na akili zake. Kila boksi lililofungwa nakupa bati kumi na mbili, mpya, zinang'aa."

Damiani alipiga hesabu palepale. Kumi na mbili mara tatu, thelathini na sita. Chumba, sebule na jiko. Alienda nyumbani akimbie asikimbie, akamwambia Fabiola, na Fabiola akaweka mwiko chini akaenda kusimama katikati ya jiko, akitazama juu kama mtu anayemwona mgeni akiingia.

"Na hapa pia?" aliuliza.

"Hapa pia."

Kwa Paskalina na kwa katekista hapakuwa na neno. Maboksi yalikuwa na vumbi lakini mazima. Kesho yake Damiani alitembea hadi Sigino, akafika jua limeshapanda. Wakamkaribisha, wakamjulia hali yeye na watoto na ng'ombe, wakampa kibuyu cha maziwa ya mgando. Alipomaliza kunywa akasema amekuja kumchukua ng'ombe wake.

"Yupo, Baba Paskali, tena mzima," alisema Xaveria, mke wa Anselimu. Akaingia ndani, akatoka na debe, akalimwaga juu ya ngozi iliyotandikwa uani. Vitofali vyekundu, vya njano, vya buluu, vikaporomoka kwa sauti ya mahindi makavu.

Damiani alisimama. "Mmefungua!"

"Tumekamua," alisema Xaveria kwa upole.

"Mama Severine, hili lilikuwa la kufungwa! Paa langu hili!"

"Sisi paa hukutuambia. Ulituambia maziwa ni yetu. Tulikaa mwezi mzima tukalitazama, halitoi kitu. Mimi ndiye niliyemwambia mume wangu, huenda hili halikamuliwi likiwa limefungwa."

Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume! Damiani alitoka akaenda kusimama kwenye ua wa zizi, ameuma meno, akawatazama ndama ambao hawakuwa na kosa lolote. Alitaka kugomba lakini hakujua agombe na nani. Angelipeleka shauri kwa wazee, wangemuuliza ulisema nini siku ile, naye ingembidi ajibu, nao wangecheka mpaka wamwage pombe. Anselimu alikuwa ameshika masharti kuliko yeye mwenyewe.

Aliporudi alimkuta Severine, binti yao wa miaka tisa, amechuchumaa kwenye ngozi anapanga vitofali kumi kumi, na watoto sita wa jirani wamemzunguka.

"Shikamoo, baba. Karibu uhesabu."

"Marahaba. Nihesabu nini?"

"Ni mia sita na kumi na mbili. Kila jioni tunavihesabu kabla havijarudi ndani. Kikikosekana kimoja, hakuna anayekwenda kwao."

Anselimu alieleza kwamba madaftari yalipoadimika shuleni, mwalimu mwenyewe aliwahi kuja kuliazima debe lile kwa ajili ya hesabu. Likaenda, likarudi kamili. Damiani hakuamini. Alikaa chini, kwa hasira ile ile, akahesabu kimoja kimoja. Mia sita na kumi na mbili.

Hapo mkono wake ukachukua kitofali kimoja, ukakiweka juu ya viwili. Ukachukua kingine. Severine akasema sisi tunaanza hivi, na Damiani akasema hapana, ukuta huanzia kwenye pembe, na tofali la juu hukalia maungio ya mawili ya chini, la sivyo utapasuka. Watoto wakasogea. Alikuwa hajajenga ukuta tangu saruji ilipotoweka. Miaka yote ile alikuwa analima mahindi kama kila mtu na kulitazama pimamaji lake likiota kutu. Sasa akapandisha pembe nne, akaacha nafasi ya mlango, akafunga madirisha, akawapa watoto kazi, wewe leta chekundu, wewe usiniletee kilichopinda. Xaveria alileta ugali, akala kwa mkono mmoja. Jua lilipoanza kushuka palikuwa na nyumba ya vyumba vitatu juu ya ngozi ile, na Damiani alikuwa na furaha, furaha hasa, ambayo alikuwa hajaionja kwa muda mrefu kiasi kwamba ilimtia aibu kidogo.

Aliondoka bila debe. Anselimu aliuliza, "Na ng'ombe?" Damiani akapunga mkono tu, akashika njia.

Nyumbani alimweleza Fabiola yote, tofali kwa tofali, na kwamba hesabu ilikuwa kamili. Fabiola alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo chumba na sebule," alisema.

"Chumba na sebule."

"Na jiko, litaezekwa kwa furaha yako?"

Siku mbili alipika, akapakua, akaweka sahani mezani kwa kishindo. Siku ya tatu alimuuliza yule Severine anafanana na nani, na Damiani akajua kwamba hali ya hewa inaanza kubadilika, ingawa hakuthubutu kutabasamu.

Jumamosi Hatibu alifika na gari la mizigo. Mabati ishirini na manne yalishushwa, yakaegemezwa ukutani, na jirani wote wakaja kuyagusa. Hatibu akayaweka maboksi mawili mbele kwa dereva, akayafunika kwa shuka.

"Na la tatu?"

"Lilifunguliwa kule Sigino," alisema Damiani. "Basi tena."

"Ah, subiri, fundi. Juzi nimemuuliza yule mteja. Anasema hata lililofunguliwa analichukua, sharti vipande vitimie vyote, kisipungue hata kimoja. Nikupe bati kumi." Akageuka kulitazama jiko, nyasi zake zilizooza, masizi yaliyochirizika ukutani. "Zinakutosha kabisa pale. Hata leo nazishusha, kisha tunapita Sigino kulichukua. Vimetimia?"

Wingu la kwanza la masika lilikuwa limeshasimama upande wa mlima Kwaraa. Damiani alilitazama jiko. Hakumtazama mkewe.

"Havijatimia," alisema. "Kuna kimoja kilipotea."

Hatibu alikuwa mtu wa sokoni, akamjua mtu anayedanganya kwa mara ya kwanza. Akamgeukia Fabiola, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, macho mekundu kwa moshi.

"Mama Paskali, eti ni kweli? Kimepotea kimoja?"

Fabiola aliyatazama yale mabati yaliyobaki ndani ya gari, akayatazama vizuri, moja moja.

"Si kimoja," alisema. "Ni viwili."