Hukumu ya Tembo Aliyekula Mahindi ya Shule

Mimi ni mpishi wa shule ya msingi, na ni mwanamume, na watu wengi huku Mikumi hayo mawili yakikaa pamoja yanawachekesha. Nilizaliwa Kilosa mjini, karibu na reli ya zamani ambako babu yangu alifanya kibarua cha kutengeneza njia. Nikasoma mpaka kidato cha nne. Matokeo yalipotoka mama aliyatazama, akayatazama tena, akasema, "Haya, angalau kusoma unajua." Hakusema kwa ubaya. Haukupita muda mama mdogo, yaani mdogo wake, ambaye anapika shuleni huku, akapiga simu kwamba sufuria la shule limemshinda kuinua na anataka mtu mwenye mgongo. Nikafunga begi.

Nina ndoto zangu. Siku moja nitafungua mgahawa Kilosa, karibu na pale wanaposhukia abiria wa treni ya umeme. Kibao chake nimeshakichora kichwani, cha kijani, maandishi meupe. Nikianza kusimulia habari za kibao, mama mdogo huniambia, "Ota mwanangu, usiache. Ila ota huku unakoroga, maharage yanashika chini."

Zamani shuleni petu hapakuwa na chakula. Saa ya mchana watoto walirudi nyumbani, na wanaotoka mbali hawakurudi darasani mpaka kesho yake. Waliobaki walilaza vichwa kwenye madawati. Basi wazazi wakakaa mkutano, wakakubaliana kwamba baada ya mavuno kila nyumba italeta mahindi shuleni. Maharage tunayafuata Ulaya siku ya mnada, si Ulaya ya Wazungu, ni kijiji cha huku huku Kilosa, na maharage ya huko yanaiva vizuri na hayali kuni nyingi. Siku tulipopakua makande ya kwanza, mwalimu wa darasa la kwanza alikuja jikoni baada ya chakula akasema, "Leo mchana nimefundisha watu. Siku zote nilikuwa nafundisha usingizi."

Kwenye chakula cha shule nina maoni mengi, na kwa kuwa hakuna anayeniuliza, nayaandika. Makande ni mazuri, lakini mtoto hawezi kula makande tangu Januari mpaka Desemba kama punda. Anataka mchicha, anataka karanga, anataka papai siku likipatikana. Na siku ya ugali, upikwe wa dona. Hili lilitaka kunipiganisha na mama mmoja anayeuza vitenge hapa stendi. Alikuja jikoni na mkoba wake begani.

"Kijana, mwanangu kaniambia amekula dona."

"Shikamoo mama. Ndiyo, amekula dona."

"Marahaba. Kwani mwanangu kafungwa?"

Nilimweleza kwamba dona lina kiini cha mahindi na pumba zake, ndipo penye nguvu, na sembe ni weupe tu wa kupendeza kwenye picha. Akaniangalia kuanzia kandambili mpaka kofia.

"Umesomea wapi hayo?"

"Kwenye sufuria, mama."

Akacheka, lakini hakukubali. Wengi hawajakubali mpaka leo. Kwao dona ni chakula cha gerezani, na mzazi anayempenda mwanawe humpa ugali mweupe.

Hayo ya gerezani ndiyo yaliyotuingiza, mimi na mama mdogo, kwenye ubishi wetu mwingine. Tunapika tukisikiliza redio yake ndogo, iliyofungwa kwa mpira. Asubuhi moja walikuwa wanajadili sheria ya kunyonga. Hapa nchini sheria hiyo ipo: mtu akipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, anahukumiwa kunyongwa mpaka afe. Ila kwa miaka mingi sasa haitekelezwi, kwa hiyo waliohukumiwa wanakaa gerezani wakisubiri kitu ambacho hakiji wala hakiondoki.

"Aliyeua anyongwe," mama mdogo akasema, huku anapembua maharage. "Yeye alimpa mwenzake nafasi ya kusubiri?"

"Na kama si yeye aliyeua?"

"Mahakama inachunguza."

"Hata wewe ulichunguza, mama mdogo. Ukasema paka wa jirani kala dagaa zako, kumbe umezifungia kabatini mwenyewe."

"Paka yule ana tabia."

"Tabia anayo, ila dagaa hakula."

"Nilimrushia kandambili tu. Sikumnyonga."

"Ndicho ninachosema. Paka tulimwomba radhi kwa kichwa cha samaki. Aliyenyongwa utampa nini?"

Akaniambia moyo wangu ni wa uji. Ni kweli. Hata kuku wa sikukuu namshika miguu nikiwa nimegeuza uso. Lakini maoni yangu ndiyo hayo: anayeua afungwe, afungwe hata maisha yake yote, alime, apike, ajutie. Kamba iondolewe kwenye sheria. Tena kuna jambo linanishangaza. Kunyonga mtu kumeandikwa kwenye sheria ya nchi, lakini sahani ya mtoto inategemea wazazi wameamkaje siku ya mkutano.

Sasa nisimulie habari ya tembo.

Shule yetu haiko mbali na hifadhi, na tembo hawajui mpaka. Wananusa mahindi kutoka mbali kama sisi tunavyonusa chapati za jirani. Kwa hiyo huku tuna kamba ya pilipili. Tunachukua kamba ya katani, tunafunga vitambaa vikuukuu kila baada ya hatua chache, tunavipaka oili chafu ya gereji iliyochanganywa na pilipili iliyotwangwa, kisha tunaizungusha. Tembo ana pua ndefu, na pua ndefu haipendi pilipili. Stoo ya shule ilikuwa imezungushiwa kamba hiyo tangu mahindi yalipoingia, na tembo walipita kando wakaenda zao.

Yakaja mahafali ya darasa la saba. Wageni wanakuja kutoka Kilosa, wakubwa wa wilaya, na shule ikatengenezwa mpaka ikajishangaa. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa, maputo yakafungwa, spika zikakodishwa. Mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee mkarimu anayependa shughuli ziende vizuri, akasimama mbele ya stoo akaitazama kamba yetu na vile vitambaa vyeusi.

"Hii mitambara inanuka," akasema. "Mgeni rasmi atapiga picha hapa. Itoeni, tukimaliza mtairudisha."

Ikatolewa. Pale ilipokuwa wakafunga riboni za rangi mbili. Mahafali yakafana, wali ukaliwa, watu wakacheza mpaka jua likazama. Kurudisha kamba hakuna aliyekumbuka.

Asubuhi nilifika na mama mdogo tukakuta ukuta wa nyuma wa stoo umelala chini. Magunia yamechanwa, mahindi yaliyobaki yamekanyagwa yakachanganyika na udongo na matofali. Mavi makubwa kama vikapu. Riboni moja ilikuwa juu ya mti wa jirani, sijui ilifikaje. Mama mdogo alikaa kwenye kinu kilichopinduka. Mimi niliokota punje kwenye ungo, nikapepeta, nikapata za kupika siku hiyo tu. Nilipika huku nafikiria watoto wanaotoka mbali. Ilikuwa bado kitambo mpaka mavuno. Kama wazazi wasingechanga tena, vichwa vilikuwa vinarudi kwenye madawati.

Mkutano ukaitwa uwanjani, ukaja na hasira. Mkulima mmoja ambaye shamba lake liko upande wa hifadhi akasimama kwanza.

"Mimi sichangi hata punje mpaka tembo huyo auawe. Tukijaza stoo leo, kesho anarudi. Ameshaonja."

"Auawe," wengi wakaitikia. Hata yule mama wa vitenge, kwa sauti kubwa: "Kala chakula cha watoto, huyo ni muuaji kama wauaji wengine."

Alikuwepo askari wa wanyamapori, kijana mpole, kofia mkononi. Akasema anawapa pole kwa moyo wake wote, na kwamba tembo kuuawa si jambo la kuamuliwa uwanjani. "Lakini hebu nisaidieni," akasema. "Mnasema auawe. Ni yupi?"

"Yule wa jino moja," mkulima akajibu upesi. "Ni mkorofi, anajulikana."

"Ulimwona?"

"Nilimwona kwa macho yangu."

Muuza vitenge akakataa. "Jino moja wapi? Alikuwa na meno yote mawili, nimemwona akivuka barabara na gunia."

"Na gunia?"

"Alilishika hivi," akaonyesha kwa mkono, watu wakaanza kucheka.

Babu mmoja akasema hakuwa tembo mmoja, walikuwa watatu. Dereva wa bodaboda akasema alikuwa mmoja, jike na mtoto wake. Wakamwambia basi hao ni wawili. Akasema mtoto hakuingia stooni, alisubiri nje. Mwingine akaapa kwamba sikio lilikuwa limechanika, mwenzake akauliza la kulia au la kushoto, akasema inategemea umesimama wapi. Uwanja mzima ukawa kicheko, hata askari alijifunika uso kwa kofia.

Mimi nilicheka pamoja nao, halafu katikati ya kicheko nikanyamaza. Tembo ni mkubwa kama nyumba. Kama kijiji kizima hakiwezi kukubaliana kuhusu kitu kikubwa kama nyumba, itakuwaje kwa mtu mmoja mwembamba, aliyeonekana mara moja, amevaa shati kama mashati ya wote? Nikamtazama mama mdogo. Alikuwa ananitazama, na alijua ninachofikiria, kwa sababu alinikunjia midomo.

Nikanyoosha mkono. Huwa sisemi kwenye mikutano.

"Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni mpishi tu. Nauliza, kesho nipike nini?"

Kicheko kikakatika. Watoto walikuwa wamekaa upande wa madarasa wakisikiliza, na watu wengi walijikuta wanageuka kuwatazama. Ndipo mama mdogo akasimama, akajifunga khanga vizuri.

"Tangu mahindi yaingie stooni, tembo walipita hapa?"

"Walipita," watu wakasema.

"Waligusa?"

"Hawakugusa."

"Kwa nini?"

Kila mtu alikuwa anaiona ile kamba kichwani mwake, na baada ya kamba akaona riboni. Mwenyekiti wa kamati akainuka taratibu, akavua kofia.

"Ni mimi niliyesema itolewe," akasema. "Nilitaka picha ipendeze. Tembo mnamwonea, jamani. Mlango nilimfungulia mimi."

Kisha sauti moja ya nyuma ikasema, "Basi anyongwe mwenyekiti," na uwanja ukapasuka upya. Mwenyekiti mwenyewe alicheka, lakini macho yake yalikuwa chini.

"Hanyongwi mtu hapa," mama mdogo akasema. "Tukimnyonga, kamba nani atairudisha? Atatwanga pilipili. Zote. Mpaka stoo izungukwe."

"Nakubali," mwenyekiti akasema. "Na gunia la kwanza la mahindi litatoka kwangu."

Mkulima wa upande wa hifadhi alikuna kichwa. Alikuwa ameapa mbele ya watu, na kuvunja kiapo chako si rahisi. Mwishowe akasema, "Kamba ikirudi, na mimi nitaleta. Lakini yule wa jino moja simwamini." Askari akamwambia hata yeye hamwamini sana, ila safari hii hana ushahidi. Muuza vitenge akasema ataleta mahindi, na akaongeza, bila kunitazama, kwamba yakisagwa yasikobolewe, maana hasara imeshakuwa kubwa, hakuna haja ya kutupa na pumba. Nilijifanya sijasikia, nisimwaibishe.

Siku ya kutwanga pilipili ingefaa kuwekewa viti. Mwenyekiti alikaa kivulini nyuma ya jiko na kinu katikati ya miguu, kitambaa kimefungwa puani, machozi yanashuka mpaka kidevuni. Kila akipiga chafya darasa la tatu linaitikia, "Afya, babu," mpaka mwalimu akafunga madirisha. Wazazi walipita kuleta mahindi, na hakuna aliyepita bila kusimama kumpa pole ya uongo.

"Pole na msiba, mwenyekiti."

"Asante. Ulete na ndoo mbili za mahindi, usikae unacheka."

Mafundi wakainua ukuta. Sisi tukazungusha kamba, vitambaa vyeusi vikaning'inia vikinuka kama gereji iliyoungua. Zile riboni mama mdogo alizikusanya akazifunga kwenye mpini wa mwiko, akasema kama watu wanataka kupiga picha, wapige hapo.

Makande yalipoiva nilimpakulia mwenyekiti kwanza, kwenye sahani yenye kina. Alikula macho yakiwa mekundu, akaramba kijiko, akanyoosha sahani. "Ongeza. Nimeifanyia kazi." Watoto walikuwa kwenye mstari na mabakuli yao, wanasukumana, na yule mwalimu wa darasa la kwanza akanipungia mkono kutoka mlangoni.

Nikamsogelea mama mdogo, aliyekuwa anakoroga sufuria la pili.

"Kwa hiyo mwenyekiti umemwachia huru," nikasema.

"Hakuua mtu yule."

"Na tembo?"

"Tembo nimemsamehe. Hata hatumjui ni yupi."

"Na wale wanaosubiri gerezani?"

Akakoroga, akakoroga, jasho likamtoka. Redio ilikuwa inaimba. "Hao bado nafikiria," akasema.

"Fikiria, mama mdogo. Ila fikiria huku unakoroga, maharage yanashika chini."

Akaninyooshea mwiko wenye riboni, nikakimbilia kuni.