Nilimzika Bwana Yangu na Buku Lake la Kazi

Mama mmoja wa hapa Élisabethville ametuletea barua hii kwa mkono wake. Jina lake tunalijua sisi wa gazeti tu, na halitaonekana katika ukurasa huu.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mjane wa miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wanne walio hai. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la nne, basi mtanisamehe nikiandika vibaya. Tunakaa katika nyumba ya kambi ya reli. Bwana yangu alifariki kwa ugonjwa wa kifua wakati wa baridi, na neno ninalowaambia leo sijamwambia mtu, hata padri katika kitubio.

Bwana yangu alikuwa mtu wa reli tangu ujana wake. Alitembea juu ya njia ya treni na nyundo ndefu, akigonga msumari mmoja mmoja na kusikiliza uliolegea. Hata nyumbani alizoea kugonga sahani kwa kijiko kabla ya kula, na watoto wakacheka. Alikuwa mpole. Jambo moja tu lilimtisha: kutoka nje bila buku, kile kitabu cha kazi chenye picha yake, majina yetu, na kila mahali alipotumika.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Mtoto wetu wa kwanza alipopatwa na homa, baba yake alikimbia kumwita mganga wa hospitali. Koti aliliacha nyumbani, na buku ndani yake. Polisi wakamkamata njiani kwa kukosa buku. Aliporudi siku ya tatu, tulikuwa tumekwisha kumzika mtoto. Hakulia mbele yangu. Alivaa koti, akakaa nalo uani katika jua kali mpaka jioni. Tangu siku ile buku halikumtoka tena. Miaka ilipopita akaanza kulifanyia mzaha: "Weye mama, siku nitakufa, Petro kule ku mulango ya mbinguni ataniuliza kwanza: buku iko wapi?"

Kwa hiyo, tulipomvika koti lake la Jumapili na kumlaza ndani ya sanduku, wanawake wenzangu wakageuka kutafuta rozari, na mimi nikalitia buku katika mfuko wa ndani. Nilifikiri, huko anakokwenda mtu asimrudishe. Hakuna aliyeniona. Mulamu wangu, yaani mdogo wa marehemu, alipigilia kifuniko mwenyewe.

Baada ya miezi miwili tangazo la serikali likabandikwa karibu na mlango wa stesheni, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Nililisoma mara tatu. Wajane wa watu wa reli walete kabla ya Noeli barua ya ndoa ya kanisa, barua ya kifo, na buku la marehemu, ili wapewe pensheni yake. Atakayechelewa hatasikilizwa tena.

Nikaenda bironi, ofisi ya reli, na barua mbili. Karani alizipokea vizuri, kisha akaacha mkono wake wazi juu ya meza.

"Na buku, mama?"

"Sina."

"Iko kwa nani?"

"Ilipotea."

Akafungua faili. "Hapa kwetu bwana yako iko na myaka tatu tu. Kazi ingine yote alitumika kule kaskazini, na ile iko mu buku peke yake. Muntu wa myaka tatu hapate pensheni. Enda utafute, mama. Tafuta mpaka chini ya kitanda."

Nilizichukua barua zangu mbili, nikatoka.

Mulamu wangu anakuja kila Jumapili, anafungua masanduku, anakung'uta godoro. Si mtu mbaya, ndiye anayetuletea unga. Jumapili iliyopita alichoka, akakaa mlangoni.

"Mulamu, buku haina miguu. Kaka hakuiacha hata akienda ku choo. Sema tu ukweli. Uliipeleka kwenu?"

"Sikuipeleka kwetu."

"Basi iko wapi? Alienda nayo?"

Alisema kwa kucheka. Mimi nikainama juu ya sahani nilizokuwa nikiosha, maana uso wangu ungemjibu.

Mkubwa wa kambi ametaka tuondoke nyumbani Noeli ikipita. Mulamu ana chumba kimoja kule Katuba, na watoto wake sita wamo. Mtoto wangu mdogo amekwisha kuanza kukohoa kama baba yake. Bila pensheni sijui nitamlaza wapi.

Wiki iliyopita nilikwenda makaburini, nikamwuliza mlinzi, kana kwamba ni habari ya mtu mwingine, kama kaburi linaweza kufunguliwa.

"Inaweza, mama, na mukanda, ile barua ya ruhusa, ya serikali na ya padri. Nilishafungua mbili. Lakini mwenye alimupenda asisimame karibu." Kisha akatazama juu. "Na umwambie huyo muntu afanye mbio. Mvula ikishaingia, karatasi inakuwa bukari, ugali ya maji."

Tangu siku hiyo mvua imenyesha mara tatu. Watoto wanakimbia kuweka ndoo chini ya mabati, wanafurahi. Mimi ninakaa kitandani na kuziba masikio.

Nikinyamaza, ninawafukuza watoto wa bwana yangu nyumbani kwa ajili ya aibu yangu. Nikisema, mdogo wake atatia mkono katika koti lile, na labda atatoa tope, nami nitakuwa nimemsumbua marehemu bure. Na buku likitoka zima, karani atalichukua, na bwana yangu atarudi kulala bila kitu mfukoni.

Ninyi mliofiwa, na ninyi mnaofanya kazi ya reli, nishaurini: nimwambie mulamu, au ninyamaze? Jibu lenu lisikawie. Leo tena mawingu yamefunga tangu asubuhi.