Tulihangaika na upscaler ya TV, kumbe yanayokwisha ni macho ya Makame

Wakuu, assalaam alaykum. Na wasiokuwa Waislamu, habari zenu humu ndani.

Mie mzee, skuli niliiacha darasa la nne, kwa hiyo mkiona herufi moja imepanda juu ya nyengine piteni tu, maana mtaipata. Nnayoyaandika yametokea. Mwenyewe yaliyompata yu hai, na kaniambia, "Andika, Vuai, ila usinitie chumvi."

Ni habari ya rafiki yangu Makame, fundi cherehani wa Mpendae. Siye tulikuwa tunatengeneza picha ya TV yake, na huku macho yake ndiyo yanaharibika. Tulipokuja kugundua, sehemu kubwa ilishakwenda.

Nianze mwanzo.

Mie na Makame zamani tulikuwa na kibanda cha gemu. Msishangae wazee kucheza gemu. Enzi zile watoto walijaa mpaka barabarani, na wakienda madrasa tunabaki wenyewe, tunacheza mpira. Ndipo tulipoharibika. Simu zilipoingia kibanda kikafa, lakini mashine moja nyeusi ya CD Makame aliihamishia kwake, pamoja na TV ya chogo, ile nene yenye mgongo mkubwa.

Basi kila siku baada ya Alasiri nnakwenda kwake tunapiga mechi. Mkewe, Bi Time, anatuita "watoto wangu wenye mvi".

Vijana TV ya chogo mnaiona takataka. Lakini gemu za zamani zilitengenezwa kwa ajili yake. Picha imetulia, rangi imeiva, ukibonyeza pedi mpira unaondoka hapo hapo.

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, chogo likatoa moshi. Basi tena. Mtoto wao akawaletea flat screen, imejaa ukuta mzima.

Tukachomeka nyaya zetu tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Lahaula! Wachezaji wamenenepa kama maandazi, nyuso zimefanya ukungu, unapiga shuti na mpira unaondoka ushasahau kama umepiga. Na pembeni panakatwa. Ule muda wa mechi ulioandikwa kwenye kona, nusu yake haipo.

Haya ya TV yalikuwa kweli, wakuu. Shikeni hapo, ndipo tulipopotelea.

Fundi mmoja wa Darajani akatueleza. TV mpya inaivuta picha ya zamani ijae kioo chote, na kingo zake inazikata. "Nyie mnataka upscaler," akasema. "Kiboksi kinakaa baina ya gemu na TV, kinaikuza picha kwa adabu."

Kwa adabu. Nililipenda neno hilo.

Lakini alichokuwa nacho dukani ni converter ndogo ya plastiki, ya kubadilisha waya tu. Ukungu ule ule, na kuchelewa kukazidi. Makame akawa anafungwa kila siku, na kilio chake kimoja.

"TV inakula pembeni. Winga wako simuoni anakotokea."

"Umezeeka, yakhe."

"Mzee wewe, unayetafuta miwani na umeivaa!"

Na kweli. Mie ndiye mwenye miwani. Makame anatunga uzi kwenye sindano kwa jicho tupu. Kanzu yangu ya Idi, ile tarizi ya shingoni, kaitia yeye, na hakuna pahala sindano imekosea. Nani angeyashuku macho hayo?

Sasa hapa ntatoka nje kidogo, lakini ntarudi.

Nyie wa Unguja mnajua habari ya salamu. Mpitaji ndiye anayewasalimu waliokaa barazani. Ukipita kimya, umewavua nguo. Sasa Makame akawa anatupita kule Mkunazini, watu wamekaa huku na huku, yeye katikati, kimya, uso mbele kama askari wa gwaride. Kwenye maziko ya jirani yetu mzee mmoja alimpa mkono kutoka ubavuni. Mkono ukabaki unaning'inia hewani, mpaka yule mzee akaurudisha mwenyewe akajifanya anajikuna.

Maneno yakaanza. "Makame kapata flat screen bwana, siye watu wa chogo hatuoni tena."

Watu wakacheka. Na mie nikacheka.

Halafu akanipita mie. Karibu bega liguse bega, na hakusema kitu. Nikanuna. Nikasusa kwenda kwake.

Bi Time akaja nyumbani kwangu mwenyewe. "Vuai, uje umalize ugomvi wenu. Mwenzio anakaa kapakata pedi, hachezi na mtu."

"Ugomvi anao yeye, Bi Time. Mie sikumpita mtu."

"Hata mie hunipita," akasema. "Humo humo ndani."

Nikaona ni maneno ya mke kumlalamikia mume. Nikenda. Habari ya salamu hatukuigusa. Tulizungumza TV. Watu wawili walionuniana, TV ni rahisi kuizungumza.

Nikampigia mwanangu Zuwena, yuko Maskati, nikamwambia tunataka upscaler ya kweli. Kidogo kidogo ikaja, imebebwa na mtu kwenye begi. Kisanduku cha chuma, kizito mkononi. Makame alikipokea kama mtu aliyekabidhiwa kitoto kichanga.

"Hiki ndicho kitanirudishia winga wangu," akasema.

Fundi wa Darajani akaja kukifunga, kwa hamu yake, alikuwa hajawahi kukishika. Akakaa sana kwenye menyu, huku anapunguza, huku anaongeza. Halafu picha ikatoka.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Majani ya uwanja unayaona yamekatwa mistari. Namba mgongoni zinasomeka. Picha imekaa umbo lake la zamani, weusi kulia na kushoto, na hakuna kilichokatwa. Muda wa mechi uko kwenye kona yake, mzima.

Fundi akasema, "Nikigusa tena hapo ntaharibu."

Makame alikaza macho, akasema polepole, "Fundi, pembeni bado panaliwa."

"Pembeni wapi, mzee wangu?"

"Pote."

Fundi akanitazama. Nikamtazama. Nikasema haya, tucheze tu.

Winga wangu akachukua mpira, akateremka nao mstari wa kulia. Beki wa Makame kasimama kama nguzo ya umeme.

"Yakhe, beki wako kalala?"

"Beki gani? Mpira uko wapi?"

Sikufunga. Nilimsimamisha winga pale pale kwenye mstari, peupe, nnamsubiri Makame aje kunipokonya. Hakuja.

Bi Time akaingia na sinia la kahawa, akainama kuliweka kwenye kistuli ubavuni mwa mumewe. Makame akageuza kiwiko, buli likaruka, kahawa ikamwagika mkekani.

"Nani kaweka vitu hapa hasemi?"

Bi Time hakuondoka. Mkono wake bado umeshika sinia. Akasema kwa sauti ndogo, "Mie hapa, Makame. Nimesimama hapa."

Makame akageuza kichwa chote, taratibu, mpaka akamfikia. Akamtazama kama mtu aliyetokea ukutani.

Fundi akaizima TV.

Asubuhi yake tukaenda hospitali. Daktari ni binti wa umri wa wajukuu zetu. Akampa shikamoo, akakaa mbele yake, akamwambia, "Nitazame pua, babu, usiondoe macho. Ukikiona kidole changu, sema naam."

Akaanza kukileta kidole kutoka mbali, ubavuni. Mie nimekaa nyuma, nnakiona. Kinakuja. Kinakuja. Moyoni nnamwambia, sema, Makame, sema basi! Kilishafika karibu na shavu la yule binti ndipo Makame aliposema, "Naam," kwa furaha, kama aliyepatia.

Upande wa pili, vile vile.

Ni presha ya macho. Kumbe huanza kula pembeni, haiumi, haiwashi, na katikati hupaacha mpaka mwisho. Ndiyo maana sindano aliiona na mke wake hakumuona. Nuru iliyokwenda hairudi. Matone anayotia ni ya kuchelewesha iliyobaki.

Makame aliuliza moja tu. "Kama ningekuja wakati ule chogo lilipokufa?"

"Ungebaki na nyingi zaidi, babu."

Tulirudi kwa miguu, kwa kupitia Mkunazini, alitaka mwenyewe. Kwenye kila baraza akasimama, akatoa salamu kulia, akatoa na kushoto, kwa sauti kubwa. Wengine waliitikia, wengine wakashangaa. Baraza nyengine hazikuwa na mtu. Sikumwambia.

Funzo langu ni hili, na sina ufundi wa kulipamba. Mzee wako akikwambia TV mbovu, itengeneze TV, lakini na yeye mpeleke apimwe. Anayetunga sindano naye apimwe. Na mtu mliyezoea kusalimiana akianza kukupita, kabla hujanuna, simama ubavuni mwake usiseme kitu, uone kama atageuka. Siye ishara zote tulizipata, tukaziita kiburi.

Bado tunacheza. Fundi aligundua kile kisanduku kinaweza kuipunguza picha, ikakaa katikati ya TV na kote kuzunguka ni weusi. Picha ikiwa ndogo, uwanja mzima unaingia kwenye kile kitundu cha jicho kilichobaki. Siku ya kwanza Makame alinipokonya mpira, akapiga kelele mpaka Bi Time akaja mbio. Lakini kila baada ya muda ananiambia, "Ipunguze kidogo, Vuai." Nnaipunguza. Sasa ni kama kiganja changu, kwenye TV iliyojaa ukuta.

Mwenye mzazi wa presha ya macho aseme humu matone yamemsaidia vipi, ntamsomea Makame.

Na mafundi wa upscaler, kuna kisanduku kinachoipunguza picha zaidi ya hapo? Chetu kimefika mwisho, na jana kaniambia tena niipunguze.