Siku Mfaransa Alipotaka Mikono Yangu

Mjukuu wangu wa kike alipopata kazi kwa mwanamke wa Kifaransa anayetengeneza filamu, baba yake, ambaye ni mwanangu wa kwanza, aliuliza swali moja tu: "Na hiyo nayo ni kazi?"

Nikamjibu mimi: "Na wewe kukaa ofisini unagonga mihuri ndiyo kazi?"

Akaweka sharti. Mfaransa alikuwa anaanza kwa siku chache hapa Jidda, kisha sehemu kubwa ya filamu ilikuwa Riyadh, na Riyadh angewachukua wale tu waliomridhisha. Mwanangu akasema mtoto akiachwa Jidda, basi halas, ataenda kukaa mapokezi kwenye kliniki ya rafiki yake, na habari za filamu zisitajwe tena nyumbani. Mtoto alikubali kwa kichwa. Usoni nilimwona amekufa nusu.

Mimi sikusoma zaidi ya chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na filamu nilizozijua ni zile za watu kupigana makofi. Mtoto akanionyesha moja ya huyo Mfaransa, kwenye simu. Ndugu wawili wa kike wanaondoa vitu katika nyumba ya mama yao aliyekufa. Wanakunja mashuka. Wanakunja, wanakunja.

"Mbona hawagombani?" nikamuuliza. "Urithi gani huu hauna hata tusi moja?"

"Ngoja, Bibi."

Nikangoja. Yule mdogo akanusa foronya, akaiweka kando bila ya kuikunja. Hapo nikalia mpaka nikaomba kitambaa. Mama yangu alinileta nchi hii kutoka Unguja nikiwa mtoto, akafia hapahapa Jidda, na iko kanga yake moja mpaka leo sijaifua. Nikasema huyu mwanamke hana adabu, kaingia chumbani kwangu bila hodi. Nilikuwa namsifu.

Ndiyo maana alipotaka mikono yangu sikukataa. Katika filamu hii yumo bibi wa kutoka Unguja, anakaa Jidda, anamngoja binti yake anayefanya kazi Riyadh, miaka hawajaonana. Bibi huyo uso wake hauonekani hata mara moja. Ni mgongo, sauti na mikono. Mwanangu akafurahi kwamba uso wa mama yake hautoki. Nikamwambia, "Hata wangeutaka wangeupata wapi? Ulishakwenda na ujana." Basi wakaja nyumbani kwangu, mtaa wa Safa, watu watano na kamera yao, wakaingia jikoni.

Mfaransa mwenyewe ni mfupi, nywele nyeupe hajazitia rangi, viatu vya kiume. Alichutama sakafuni karibu na mbuzi yangu ya kukunia nazi, akatazama. Hakuniambia fanya hivi, fanya vile. Neno moja la Kiswahili alikuwa amefundishwa na mjukuu wangu: "Tena." Nikakuna. "Tena." Nikakuna mpaka bega likaniuma.

"Mwambie nazi zina mwisho," nikamwambia mtoto.

Jua likahama dirishani, wakasimama, nazi ya mwisho imebaki nusu. Wangerudi asubuhi kumalizia.

"Bibi, nakuomba, usiguse kitu," mjukuu wangu akasema. "Mbuzi hapohapo, vifuu hapohapo, na kesho uvae kanga hiyohiyo. Kazi yangu ndiyo hiyo. Jana na leo zikikutana kwenye filamu zisipishane hata kidogo."

Nikaapa. Na sikugusa! Nazi tuliitia kwenye friji, lakini vifuu niliviacha sakafuni, sisimizi wakaja, nikawapisha.

Ila alasiri nilikaa nikaitazama mikono yangu. Wageni kutoka Ulaya wameikodolea macho kutwa, nayo mitupu kama ya mwanamke anayekaa eda. Jamani, mume wangu nilishamaliza kumkalia eda siku nyingi! Nikamwita jirani yangu, naye ni wa kwetu, akakoroga hina, akanichora vidole, viganja, mpaka kwenye vifundo. Ikashika vizuri, nyekundu ya kuiva. Nikaona kesho nitamtoa mtoto aibu.

Asubuhi akaja kabla ya wenzake. Nikamfungulia mlango. Akaiona mikono, akakaa palepale kizingitini.

"Bibi, umefanya nini?"

"Nimejipamba. Nini tena?"

"Nazi hiyohiyo moja, mkono wa jana mtupu, wa leo una maua! Wataniacha, Bibi. Mimi ndiye niliyewekwa kuangalia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilisugua kwa limau, kwa chumvi, kwa dawa ya kufulia. Ngozi ndiyo iliyotaka kutoka. Hina ikazidi kung'aa. Yeye anamimina maji huku anafuta machozi kwa bega.

Mfaransa akaingia, akaiona. Mtoto angeweza kunisingizia, bibi kizee hasikii. Alisimama akasema kosa ni lake, aliniambia habari za vyombo vyote akasahau mikono. Sikujua lugha, lakini kosa likikiriwa linajulikana kwa shingo.

Nikaingilia. "Mfasirie! Mwambie mwanamke wa kwetu anayemngoja mwanawe hamngoji na mikono ya eda. Jana ndiyo ilikuwa uongo. Leo ndiyo kweli."

"Bibi, usizidishe."

"Mfasirie, au nitamwambia mwenyewe kwa vidole!"

Akafasiri. Kisha nikamwona anaendelea kusema, maneno mengi kuliko yangu, anaonyesha friji, anaonyesha simu, anaonyesha miguu yangu. Nilikuja kuelezwa baadaye. Alisema bibi anakuna nazi, simu inalia, binti yuko njiani anakuja. Bibi anaiacha nazi nusu, anakwenda kutiwa hina, ndipo anarudi kumalizia. Miguu bado mitupu, jirani aitwe aichore mbele ya kamera, na mikono yenye hina ionekane imetulia mapajani.

Mfaransa aliitazama mikono yangu kwa muda mrefu. Kisha akageuka, akamwuliza mtoto, si mimi, si wale wanaume wa kamera: jirani akae upande gani?

Kutwa walipiga picha nyayo zangu. Jirani akawa ananitekenya kusudi, mshenzi yule. Walipofungasha, Mfaransa akamwambia mjukuu wangu siku ya kuondoka kwenda Riyadh.

Baba yake akashika neno lake, ila akasema hendi peke yake. Nikafunga sanduku mimi.

Asubuhi moja nilikaa Batha, mtaa wa maduka huko Riyadh, kwenye kigoda nje ya duka la mabegi, nikamwona kazini. Mwigizaji wa yule binti alikuwa anapita katikati ya watu, kamera nyuma yake. Mjukuu wangu akapaza sauti: "Simameni!" Wakasimama wote, na Mfaransa naye akasimama. Mtoto akaenda, akautoa mkoba wa mwigizaji bega la kulia akautia la kushoto, ulikokuwa jana, akarudi zake kwenye daftari. Hakuna aliyenung'unika.

Mwenye duka akaniinamia, akauliza kwa Kiarabu kama yule msichana ndiye mkubwa wao.

"Ndiye," nikasema.