Njia Niliyoiacha Nje ya Ua

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudi nyumbani na malengelenge miguu yote miwili. Nilikuwa nimeajiriwa mshika mnyororo, yaani kijana wa kuvuta mnyororo wa chuma wa kupimia ardhi, na nilidhani kazi ya serikali ni ya kupanda gari. Bwana Mpima, mkuu wa kikosi chetu, aliliacha gari chini, tukaanza kuipanda milima ya Uluguru kwa miguu.

"Mkuu, mbona gari tumeliacha?" nikauliza.

"Gari litakuonyesha linapopita gari," alisema bila kugeuka. "Mimi nataka kujua watu wanapita wapi."

Kabla ya kupigilia kigingi hata kimoja, alikaa juu ya jiwe akawatazama kina mama wakiteremka na matenga ya ndizi kichwani. Pale nyasi zilipokufa kwa nyayo hatukuweka kiwanja. Tulisimika bikoni, zile nguzo fupi za zege zinazoonyesha pembe za kiwanja, huku na huku, njia ikabaki katikati. Nilimwona mtu wa kupoteza muda. Siku hizi namkumbuka karibu kila ninapofunga viatu.

Baadaye nilipandishwa cheo nikawa fundi sanifu, nikaachana na mnyororo nikashika darubini ya kupimia pembe, nikapelekwa Ngerengere. Mji ule ulijikunyata kando ya stesheni. Watu walishuka kwenye treni wakatawanyika kwa miguu, na kabla chai haijapoa kila mtu alikuwa kwake. Nilipapenda. Sikukaa sana, nikarudishwa Morogoro mjini chini ya Ofisa Mipango Miji, bwana mpole, aliyependa barabara pana kama wengine wanavyopenda pilau.

"Futa vichochoro hivi," aliniambia siku moja, akigonga mchoro kwa kalamu. "Kesho kila mtu atakuwa na gari."

"Na asiye nalo, bosi?"

"Atapata lifti."

Alicheka, nami nikacheka, maana bosi akicheka utafanyaje? Vichochoro vingine nilivitetea vikabaki, vingine vikafutwa, na ubishi ule ndio uliokuwa kazi yangu mpaka mwisho. Ukitaka kujua nilikuwa nabishania nini, tembea mtaa wa Mwembesongo, hapa mjini, asubuhi. Mama wa vitumbua, cherehani, duka, msikiti, vyote unavifikia jasho halijakutoka, na umeshaamkiana na nusu ya mtaa.

Nilipopata kiwanja Kilakala, hapa hapa Morogoro, nilikuta njia ya zamani ya watu wa mlimani imekipita pembeni. Nilijenga ua wangu ndani ya mpaka, njia nikaiacha nje. Kwa sheria ni ardhi yangu kabisa, mpaka kwenye bikoni. Haina mlinzi mwingine ila mimi.

Nilipostaafu, mwanangu Rashidi, ninayeishi naye, alinijengea kibaraza kizuri cha sakafu nyekundu ili nipumzike. Nilishukuru. Lakini mimi kukaa kunanichosha kuliko kupanda mlima. Asubuhi naishika ile njia, nafika msikitini, napitia zahanati, namalizia sokoni.

Kisha Rashidi akanunua gari.

"Baba, ua tuusogeze mpaka kwenye bikoni," aliniambia. "Gari haligeuki humu ndani."

"Na njia?"

"Watu si watazungukia barabarani?"

"Na mimi?"

"Wewe nitakupeleka popote, baba. Unaniambia tu."

Alisema kwa mapenzi, na hicho ndicho kilichoniuma. Rashidi huondoka alfajiri akarudi magharibi. Barabara ya lami haina pembeni pa kutembea, bodaboda zinapita zikinipeperusha kanzu. Nilijiona nimeshavaa, fimbo mkononi, nangoja kuchukuliwa kama mzigo. Niliogopa. Kule kwenye majabali ya Uluguru sikuwahi kuogopa hivyo.

Matofali yakaletwa, yakarundikwa kando ya njia. Bi Mwanahawa, anayeshuka na magimbi kila siku ya soko, akasimama mbele ya lile rundo na mzigo wake kichwani.

"Mzee wangu, sasa sie tushukie wapi?"

Siku zile nilizunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nikiketi nainuka, nikiinuka sijui niende wapi. Mtoto hana kosa, gari lake kweli haligeuki, na nikimkatalia leo, nikifa kesho atausogeza ua tu.

Asubuhi fundi alipofika na kamba yake, Rashidi akaniita. "Baba, tuonyeshe bikoni. Mpima ni wewe."

Nilichukua nyundo na vigingi. Bikoni nikaipa mgongo, nikaingia ndani ya ua, nikapigilia kigingi cha kwanza kwenye kona ya kibaraza.

"Bomoeni hiki," nikasema. "Gari litageukia hapa. Ua ubaki ulipo."

"Baba! Hiki nimekujengea upumzike. Utakaa wapi sasa?"

"Nani kakwambia nataka kukaa?"

Fundi alimtazama Rashidi. Rashidi alikitazama kibaraza, akaitazama njia, akanitazama mimi na nyundo yangu. Mwisho akainama, akashika ncha ya pili ya kamba, akaivuta mpaka kwenye kigingi.

Nikafunga viatu, nikaenda zangu sokoni.